Mjadala: Kila kichekesho kisichoandikwa ni impro?

Wadau, hili tulijadili bila jazba. Kuna hoja inayorudiwa kila mara kwamba mchekeshaji akitoka nje ya alichoandaa na kuanza kumtania mtu wa viti vya mbele, basi hiyo tayari ni impro, yaani maigizo yanayobuniwa papo hapo jukwaani. Mimi napinga.

Huyo anayetania ana pa kurudi. Utani ukidoda, anarukia kile kisa chake cha mama mkwe alichokifanyia mazoezi miezi sita, na ukumbi unasahau. Mwigizaji wa impro hana pa kukimbilia. Anaomba neno kwa watazamaji, mtu anapaza sauti "ngazi!", na hapo hapo anajifanya yuko juu anapaka dari rangi. Mwenzake akiingia na kusema, "Daktari, mgonjwa ameamka," habari ya rangi imekwisha. Sasa wako hospitali, na yule wa juu atafute mwenyewe sababu ya kufanya upasuaji akiwa kwenye ngazi. Raha yote imo katika zile sekunde mbili ambazo hata yeye hajui atajibu nini.

Mkanganyiko huu una historia, nakubali. Budd Friedman alifungua klabu ya The Improvisation mjini New York mwaka 1963, na jina hilo, likifupishwa Improv, likaenea kwenye kumbi zinazojulikana zaidi kwa wachekeshaji wa stendapu. Watu wakachukua jina la mlangoni.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya Bernie Sahlins, mmoja wa walioanzisha kundi la vichekesho la The Second City, Chicago, mwaka 1959. Kwake impro ilikuwa zana tu: waigizaji wanabuni, kilichochekesha kinachukuliwa na kunolewa mpaka kinakuwa igizo kamili. Del Close, mwongozaji na mwalimu wa impro, akashikilia kwamba kubuni kwenyewe ndiyo onyesho. Niko na Close, ingawa igizo lililonolewa mara nyingi linachekesha zaidi (tuseme ukweli, impro ikiwa mbovu ni adhabu). Lakini likirudiwa kesho kwa maneno yale yale, liiteni igizo tu, hata kama lilizaliwa na impro.

Sasa nijibuni hili: tamthilia ya televisheni ambayo waigizaji wanapewa mtiririko wa kisa, maneno wanajitungia, kisha mhariri anachagua walipofanya vizuri zaidi, nayo ni impro? Mimi nasema hapana, maana mhariri ndiye pa kukimbilia. Anayesema ndiyo anionyeshe mwigizaji alikuwa hatarini wapi.