Baba ana glioblastoma: mionzi peke yake au pamoja na kemo?

Kifungua_mimba
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Baba yetu ana miaka 58, alipasuliwa kichwa mwezi uliopita, majibu ya kinyama yakasema glioblastoma, saratani ya ubongo, daraja la nne. Anaanza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Daktari anataka ameze na vidonge vya kemo. Baba mdogo hataki kusikia, anasema kemo ndiyo iliyommaliza shangazi. Wote wananisubiri mimi niseme neno. Naombeni ushauri.

Nesi_wa_zamu
Pole sana mdogo wangu. Shangazi alikuwa na saratani ya wapi? Kemo si dawa moja. Ya ubongo ni temozolomaidi, inamezwa kila siku wakati wa mionzi, kama wiki sita, halafu siku tano katika kila siku 28. Utafiti wa 2005 ulikuwa na wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Nusu ya waliopata mionzi tupu walivuka miezi 12.1, walioongezewa vidonge 14.6. Utasema ni kidogo. Lakini waliofika miaka miwili ni 10.4% kwa mionzi tupu, na 26.5% kwa walioongezewa. Mimi faida naiona hapo. Kuponya, haiponyi.

Binti_Pangani
Ulizeni kama kinyama kinaweza kupimwa jeni inayoitwa MGMT. Jeni hiyo ikiwa imezimwa, uvimbe hushindwa kujikarabati dawa ikiupiga, na wagonjwa hao ndio wanaonufaika zaidi. Mama yangu alikuwa na miaka 74, hainuki kitandani. Tulikubaliana na daktari mionzi mifupi ya wiki tatu, bila kemo, na sijuti. Baba anatembea?

Kifungua_mimba
Shangazi ilikuwa ya titi, aliwekewa dripu. Baba anatembea, anaoga mwenyewe, ila maneno yanampotea.

Nesi_wa_zamu
Kwa hali hiyo ningemsikiliza daktari. Damu ipimwe kila wiki, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka sana dawa husimamishwa. Ameze tumbo likiwa tupu, atangulize dawa ya kuzuia kutapika. Muulizeni daktari habari ya Septrin pia, ile antibayotiki, maana kinga ikishuka kuna nimonia mbaya hupata nafasi. Na mjue mapema kama bima italipa mizunguko yote, dozi isikatikie njiani.

Binti_Pangani
Mzee mwenyewe ameulizwa anataka nini?

Kifungua_mimba
Hapana dada. Nakaa naye kesho, ndipo nimpigie baba mdogo.