Elimu bila malipo, lakini kila Ijumaa kuna mia tano: nimhamishe binti yangu au nivumilie?

Mama Zai wa Mbagala

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, matusi bakini nayo.

Nina binti yuko darasa la nne shule ya serikali huku Mbagala, kayumba kama mnavyoziita. Mwaka huu 2025 ana upimaji wa taifa, na toka Januari ni mchango juu ya mchango. Ijumaa mtihani wa wiki, 500. Uji 300 kila siku. Mlinzi 1,000 kwa mwezi. Masomo ya ziada 500 kwa siku, na hiyo wanaiita hiari, ila asiyelipa anakaa nje chini ya mwarobaini mpaka wenzake wamalize. Juzi imekuja karatasi ya kambi: 35,000 na godoro uje nalo mwenyewe.

Mwalimu wao sina ugomvi naye. Dada wa watu ana watoto 130 kwenye chumba kimoja, nimemkuta kwenye daladala anasahihisha madaftari kasimama.

Mimi nauza vitumbua na chai. Nimepiga hesabu, kwa mwezi inanitoka karibu 20,000 kwa mtoto mmoja wa shule ya bure, hapo sijagusa sare wala madaftari. Shemeji yangu ananiambia nijikaze nimpeleke inglishi midiamu ya hapa jirani, ada 1,100,000 kwa mwaka, unalipa kwa awamu nne, basi mbali. Sasa, hii michango ni halali? Na mliowahamisha, mtoto wa darasa la nne anaweza kumudu huko au anarudishwa nyuma?

Chuma cha Reli

Hamisha. Hao wanaotunga sera watoto wao hawapo huko. Hoja imefungwa.

Baba Mapacha

Hoja haijafungwa mkuu, ada utamlipia wewe?

Mama Zai, mimi nilihamisha wawili, mmoja akiwa la tatu na mwingine la tano. Wote walirudishwa darasa moja nyuma. Yule mdogo alichanganya haraka, ndani ya mwaka akawa anatukosoa Kiingereza mezani. Mkubwa alipata shida, hesabu anazijua vizuri tu ila swali halielewi, mwisho akaanza kusingizia kichwa kinauma kila Jumatatu. Kwa hiyo la nne ni katikati, inategemea mtoto. Ila ujue ada siyo mwisho wa habari. Kuna fomu, sare seti tatu, sweta lenye nembo linalouzwa palepale shuleni, safari za mafunzo, na mahafali hata ya chekechea. Kama 1,100,000 inakutoa jasho sasa hivi, weka 1,600,000 kichwani ndipo uamue.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba serikali yenyewe inazo shule za msingi za Kiingereza, Olympio na Diamond hapa mjini mfano, na huko mzazi analipa. Halafu huyu wa Mbagala anasoma Kiswahili miaka yote, akifika kidato cha kwanza anakuta fizikia kwa Kiingereza. Wote wanafanya mtihani mmoja kidato cha nne.

Mwalimu Mstaafu

Mama Zai, nimekuwa mwalimu mkuu shule mbili, moja Liwale na moja hapa Temeke. Nitakujibu kama mtu aliyewahi kuandika hizo karatasi za michango kwa mkono wake.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa Waraka Na. 5 wa 2015. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni 10,000 kwa mwaka. Kati ya hiyo 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000, yaani 500 kwa mwezi. Mia tano yako ya Ijumaa moja ni sawa na pesa yote ambayo shule inapata kwa ajili ya Zai kwa mwezi mzima. Na hiyo 10,000 haikubuniwa 2016. Ilipangwa wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002, ikiwa ni kama dola kumi za wakati ule. Leo dola kumi ni zaidi ya shilingi 24,000, sisi bado tuko palepale.

Sasa chukua mtihani. Darasa la nne lina watoto 260, masomo sita, karatasi mbili kila somo. Hizo ni karatasi 3,120, rimu sita na ushee. Kwa rimu ya 13,000 unazungumzia 80,000 na zaidi kwa mtihani mmoja wa darasa moja, wino bado, na mashine ya kudurufu ikikwama mnaenda steshenari kutoa kopi kwa bei ya mtaani. Mwalimu mkuu hana uchawi. Ama aandike mtihani ubaoni, na watoto wa nyuma hawauoni, ama awaombe ninyi.

Liwale nilikuwa na watoto 310, kwa hiyo 155,000 kwa mwezi. Wazazi walikuwa wakulima wa korosho, msimu ukiwa mbaya huwezi kumwomba mtu hata rimu. Nilipohamia Temeke nikakuta kamati ya wazazi inaajiri walimu watatu wa kujitolea, inalipa mlinzi, ina tangi la maji. Ruzuku kwa kichwa ilikuwa ileile. Ndiyo maana nawacheka wanaogombana michango ifutwe au isifutwe. Ilipopigwa marufuku Januari 2018 kule Liwale hatukuhisi chochote, hatukuwa nayo. Kinachotakiwa ni shule yenye wazazi maskini ipewe zaidi kwa kichwa kuliko shule ya Upanga. Tunagawa sawa kwa watu wasio sawa halafu tunaita usawa. Hilo mbunge wako sijamsikia akilisema, yeye kila siku ni picha za kukabidhi madawati.

Halali au si halali: mchango uliopitishwa kwenye kikao cha wazazi, una muhtasari, na umepata kibali ngazi ya wilaya, ni halali na ni wa hiari. Chakula kweli ni jukumu la mzazi, waraka unasema hivyo. Ila mtoto kukaa chini ya mwarobaini kwa sababu ya 500 ni uonevu, hakuna waraka wala kibali kinachouruhusu.

Binti usimhamishe kwa hasira. Yeye yuko kundi la kwanza la mtaala mpya, wale walioanza la tatu 2024. Kwa mpango uliotangazwa wanamaliza la sita 2027 pamoja na wenzao wa la saba, wote waingie kidato cha kwanza 2028. Sekondari ya kata yenu itapokea mikondo maradufu. Ukiwa na milioni yako, mimi ningeitunza kwa mwaka huo.

Chuma cha Reli

Mwalimu, kwa hiyo asubiri msongamano wa 2028 huku anachangia? Wewe watoto wako walisoma wapi?

Mwalimu Mstaafu

Watatu kayumba, wa mwisho seminari. Umeridhika?

Mama Zai wa Mbagala

Shikamoo mwalimu, nimekusoma mara mbili. Sikujua ni mia tano tu kwa mwezi, nilidhani wanakula. Kidogo wanakula, lakini sasa najua wanakula nini.

Jumamosi hii kuna kikao cha wazazi. Mwenyekiti wa kamati ni mtu wa kufoka, mwaka jana mama mmoja aliuliza hela ya mlinzi iko wapi akaambiwa mhamishe mtoto wako. Nikiulizia muhtasari wa kikao kilichopitisha haya masomo ya ziada, nimuulize nani?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Usimuulize mwenyekiti, atafoka kweli. Katibu wa kamati ya shule ni mwalimu mkuu, na muhtasari unakaa kwake. Nenda Alhamisi saa nne, watoto wakiwa mapumziko, mwombe kwa upole uuone, ukiwa na mwenzio mmoja shahidi. Ukipita ubao wa matangazo soma mapato ya ruzuku, yanatakiwa kubandikwa kila yanapoingia. Kama ubao ni mtupu, swali lako la Jumamosi lianzie hapo, la mwarobaini lifuate, na la kambi uliache mpaka wenzako wawili watatu wawe wamesimama pia.