Dragan Šutanovac: raia aliyeliongoza jeshi la Serbia aliacha nini?

Swali

Ndugu zangu, nimekuwa nikifuatilia maisha ya kisiasa ya Dragan Šutanovac, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Serbia kuanzia Mei 2007 hadi Julai 2012. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Belgrade, akajiunga na Chama cha Demokrasia mwaka 1997, wakati Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia wa enzi za vita vya miaka ya 1990, angali madarakani. Je, mtu asiyetoka jeshini aliwaongozaje majenerali, na ni kazi gani yake iliyodumu?

Jibu la kwanza

Naona kutokuwa kwake mwanajeshi ndiko kulikokuwa nguvu yake. Mtangulizi wake, Zoran Stanković, alikuwa jenerali na daktari wa jeshi. Lakini baada ya vita vya miaka ya 1990, Serbia ilihitaji zaidi jeshi linalotii serikali iliyochaguliwa. Isitoshe, kiongozi wa chama chake, Boris Tadić, ndiye aliyekuwa Rais, na Tadić mwenyewe aliwahi kuwa waziri wa ulinzi mwaka 2003 hadi 2004, hivyo Šutanovac hakukosa wa kumuunga mkono. Kazi yake kubwa ni kusimamia mageuzi yaliyoondoa utumishi wa lazima jeshini kuanzia tarehe 1 Januari 2011, vijana wakaanza kujiunga kwa hiari na kwa mshahara.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila utumishi huo ulisimamishwa, haukufutwa, na tofauti hiyo ni nzito. Mnamo Septemba 2024 Rais Aleksandar Vučić, ambaye ndiye aliyempokea Šutanovac wizara mwaka 2012, alitangaza kuunga mkono kurejeshwa kwa utumishi wa lazima wa siku 75. Tusisahau pia mazingira aliyofanyia kazi: Desemba 2007 Bunge lilitangaza kwamba nchi haitafungamana na umoja wowote wa kijeshi, na miezi miwili baadaye jimbo lake la Kosovo likajitangazia uhuru. Kuendeleza ushirikiano na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi ulioishambulia nchi hiyo kwa mabomu mwaka 1999, mbele ya wananchi wenye uchungu huo, kulihitaji ujasiri ambao mimi binafsi nauheshimu.

Muulizaji

Nawashukuru. Na baada ya kuondoka wizarani?

Jibu la tatu

Hapo ndipo panaponisikitisha. Alichaguliwa kukiongoza chama mwaka 2016, kikiwa tayari kimedhoofika, kwani Tadić mwenyewe alikuwa amejitoa mwaka 2014 na kuanzisha chake. Katika uchaguzi wa jiji la Belgrade wa Machi 2018 hawakufikia asilimia 5 iliyotakiwa ili kupata viti, na mwaka huohuo uongozi ukachukuliwa na Zoran Lutovac. Kumbukeni kwamba Belgrade ndio mji ambao Zoran Đinđić, kiongozi wa chama hichohicho, alikuwa meya wake mwaka 1997, mwaka uleule Šutanovac alipojiunga.