Daraja la miguu na baiskeli Mto Themi, tuweke ngazi au rampu (njia ya mteremko)?

mkazi_ng'ambo
Habari za jioni wakuu. Huku kwetu Arusha tunavuka Themi kwa mbao mbili zilizolazwa juu ya mawe, masika ikiingia mbao zinasombwa watoto wanazunguka mpaka daraja la magari. Sasa mtaa tumechanga. Fundi anasema tulaze chaneli mbili za chuma (vyuma virefu vya umbo la U), mbao juu, upana mita moja na nusu, na sababu ukingo wa upande wa pili uko juu tujenge ngazi. Mimi roho inasita, jirani yangu kila alfajiri anapita na madumu mawili ya maziwa kwenye baiskeli, ngazi atapandaje? Ukingo hadi ukingo ni kama mita 16.

zege_na_nondo
Kaka usinunue chuma bado, anza na maji. Chukua wazee wa hapo wakuonyeshe yalifika wapi kipindi cha El Nino 97/98, angalia na takataka zilizonasa kwenye matawi. Sakafu ya daraja ikae juu ya alama hiyo kama mita nzima maana mafuriko yanakuja na magogo. Themi inashuka toka Meru, ina kasi na inabeba mawe, na madaraja madogo mengi hayakatiki katikati, maji yanakula udongo chini ya msingi mpaka linalala. Kwa hiyo rudisha misingi nyuma ya kingo, chimba hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, zungushia gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe). Hapo mita 16 zako zimeshakuwa 20.

Upana fanya mita 3, pesa ikibana sana 2.5. Na uzito usipige wa mtu mmoja mmoja, piga wa siku ya msiba watu wamejaa na jeneza liko katikati. Sisi tunahesabu kama kilo 500 kwa mita ya mraba, mita 20 mara 3 ni tani 30. Chaneli mbili hazibebi hiyo, mtafute injinia awapigie hesabu ya trasi (fremu ya vyuma vilivyounganishwa pembetatu pembetatu).

mama_wawili
Ngazi hapana jamani!! Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, penye ngazi huwa tunambeba vijana wanne, na yeye analia kwa aibu. Na reli za kushikia pembeni wekeni nondo za karibu karibu, mwanangu alishanasa kichwa kwenye reli ya daraja tukahangaika naye sana.

zege_na_nondo
Dada umesema kweli. Nafasi ya nondo isifike sentimita 10, reli iwe mita 1.4 sababu mwendesha baiskeli anakaa juu. Rampu: kila mita moja ya kupanda, urefu mita 20, eneo likiwa dogo unaikunja.

mkazi_ng'ambo
Shukrani sana. Fundi anasema daraja likicheza kidogo sio shida?

zege_na_nondo
Ni shida. London walifungua daraja la miguu Juni 2000, likayumba ubavuni, watu wakaanza kukanyaga kwa kufuata myumbo likazidi, baada ya siku mbili likafungwa mpaka 2002 walipoweka vizuia mtikisiko. La kwenu ni fupi, trasi ikiwa ngumu litatulia. Halafu pitieni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na Bodi ya Maji Bonde la Pangani kabla ya kuchimba, mto sio wa mtaa peke yake.

mkazi_ng'ambo
Sawa kaka. Jumamosi naenda na futi kamba na mzee mmoja wa hapa, anasema maji yalifika kwenye shina la mfumbili, nitaleta vipimo.