Ushauri: Bibi aliyepooza analia tukimgeuza kusafishwa kidonda

Mlezi_Moro
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee, Morogoro. Tuna bibi aliyepooza upande wa kulia. Ana mpira wa uji puani, mpira wa mkojo, na kidonda juu kidogo ya makalio. Nesi akija kusafisha, tukimgusa tu kumgeuza analia na kung'ang'ania godoro. Tumlazeje nesi aone vizuri, naye bibi asiteseke?

Nesi_Zamu
Pole na kazi, mdogo wangu. Kwanza angalieni saa. Akishapewa uji akae kichwa juu nusu saa hadi saa nzima, maana akilazwa mapema uji hupanda ukaingia mapafuni. Safisheni kabla ya mlo. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, apewe mapema ianze kufanya kazi.

Bibi anang'ang'ania godoro kwa sababu anaogopa kuanguka. Mwambieni kila hatua kabla ya kumgusa. Mmoja asimame kushoto, anakogeukia, bibi amwone usoni. Mfuko wa mkojo uhamishiwe upande huo kwanza, ubaki chini ya usawa wa kibofu. Kunjeni goti la kulia, shikeni nyuma ya bega na nyonga, hesabuni kwa sauti, mwili wote ugeuke pamoja. Mkono uliopooza msiuvute kabisa, bega litaumia. Mkono huo na mguu wa kulia vilazwe juu ya mito mbele yake. Mfunikeni kanga, pabaki wazi penye kidonda tu.

Mama_Wawili
Samahani nadandia uzi. Mama yangu naye ana kidonda, tumemwekea tyubu ya gari chini ya makalio. Inafaa?

Nesi_Zamu
Itoeni leo, dada. Inabana damu kuzunguka kidonda. Ageuzwe ubavu kidogo, nyuzi 30 hivi, aegemee mto mgongoni, asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine chini ya vigimbi, visigino visiguse godoro. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia.

Kaka_Wodini
Kitanda kama kinapanda, kipandisheni hadi usawa wa kiuno chenu. Migongo yenu nayo inahitajika kesho.

Mlezi_Moro
Asante sana dada nesi. Ila wakati wa uji tukiinua kichwa anateleza, kidonda kinakwaruzwa.

Nesi_Zamu
Inueni magoti kwanza kwa mto, ndipo kichwa, nyuzi 30 hadi 45. Akiteleza, mpandisheni watu wawili kwa shuka lililokunjwa chini yake. Mnyanyueni, msimburuze.