Mjadala: Usiku wa sensa, tulale tunakopandia matatu au turudi kwetu?

MLETA MADA
Kabla ya sensa ya 2019, baadhi ya wanasiasa waliwahimiza watu wao wanaoishi mijini wasafiri kwenda mashambani ili usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti uwakute huko, kwa hoja kwamba kaunti yenye watu wengi hupata mgao mnono. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana iliwavutia wengi. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku ule, si anapofanyia kazi wala alikozaliwa.

Sensa nyingine inatarajiwa 2029, nami naomba tulijadili jambo hili mapema. Msimamo wangu ni kwamba mkazi wa Rongai, Kitengela au Kayole anayekwenda kuhesabiwa kwao anajinyima haki yake ya usafiri mahali anapouhitaji kila siku. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani. Fedha za kazi hizo hutoka kwa sehemu kubwa katika mgao wa kaunti, ambao Kifungu cha 203 kinataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mfumo wa kuugawa huzingatia idadi ya watu.

Tazameni Kajiado, kaunti jirani ya Nairobi zilimo Rongai na Kitengela. Mwaka 2009 ilihesabiwa kuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Miongoni mwa wakazi wake wamo wapangaji wanaokwenda Nairobi alfajiri na kurudi usiku. Jioni mvua inaponyesha, abiria hawa husimama kwenye matope pasipo kibanda wala taa, huku makanga wakiitangaza nauli iliyopanda ghafla. Ploti ya nyumba 20 ikikutwa na makufuli milangoni usiku wa sensa, kaunti itaambiwa kwamba pale hakuna mtu wa kujengewa steji.

MCHANGIAJI WA PILI
Ndugu mleta mada, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mgao wa kaunti hauna masharti: gavana akishaupokea, hakuna sheria inayomlazimisha kuutumia kwa uchukuzi, na sote tunajua mishahara inavyoumeza. Fedha za matengenezo ya barabara nazo hutoka katika tozo ya mafuta, ambayo tangu 2024 ni shilingi 25 kwa lita, na ile sehemu yake inayotengewa maeneobunge hugawanywa sawasawa, liwe na watu wengi au wachache. Isitoshe, mfumo wa tatu wa kugawa mgao wa kaunti, uliopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano wa miezi na kutumika hadi 2025, ulishusha uzito wa idadi ya watu kutoka asilimia 45 hadi 18. Mimi nilisafiri, na nitasafiri tena. Kwetu, mvua za masika zikianza, pikipiki haivuki mto, na mama mjamzito hubebwa kwa machela hadi kwenye lami. Kati ya huyo na abiria anayelalamikia kibanda cha steji, nani anastahili kutangulizwa?

MCHANGIAJI WA TATU
Naongeza jambo moja tu. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, kwa madai kwamba idadi ilizidi kiasi cha kuaminika. Wakazi halali waliingia kwenye shaka ile pamoja na wengine wote. Kusafirisha watu ili kukuza hesabu kunawapa wapinzani wa kaunti zilizosahaulika sababu ya kutozisadiki kabisa.

MLETA MADA
Ndugu mchangiaji wa pili, mama huyo anastahili kutangulizwa, wala sitabishana nawe juu ya hilo. Ila mfumo huohuo wa 2020 ulimtengea nafasi bila kuhitaji wewe kusafiri: asilimia 20 ziligawanywa sawa kwa kaunti zote, 14 zikafuata umaskini, nane ukubwa wa ardhi na nane nyingine hali ya barabara. Asilimia tano za huduma za mijini, kwa upande mwingine, zilifuata kaya za mijini, na wewe ukiondoka, kaya yako haionekani. Kuhusu tozo ya mafuta umesema kweli, lakini hata mipaka ya maeneobunge huchorwa kwa kuangalia idadi ya watu.

Ulilosema juu ya mgao kukosa masharti ndilo zito kuliko yote, nami nalichukua kama hoja ya kuongeza, si ya kuacha. Gavana aliyeletewa idadi ndogo ana kisingizio. Aliyeletewa idadi kamili anaweza kuulizwa, kata kwa kata, kwa nini eneo lenye watu wote hawa halina steji wala barabara ya kuifikia. Ndiyo maana napendekeza tuzitake kaunti zetu, katika vikao vya umma vya bajeti, zitangaze fedha za uchukuzi za kila kata kando ya idadi yake ya watu. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuhudhuria vikao hivyo: je, takwimu za sensa huwekwa mezani?