Tupeane uzoefu: waliosoma historia na akiolojia kwa kozi za mtandaoni za vyuo vikuu

Mwalimu wa Masoko

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, huku Kilwa Masoko. Kwa miaka minane nimefundisha miji ya pwani nikiwa nimeshika kitabu, na Kilwa Kisiwani yenyewe iko ng'ambo ya maji, mwendo mfupi kwa mashua. Wanafunzi walikuwa wanakariri: Ibn Battuta alifika 1331, dhahabu ilitoka Sofala, Wareno waliuvamia mji 1505. Na mimi nilikuwa nakariri pamoja nao.

Kilichonibadilisha ni kozi ya usanifu wa majengo ya Kirumi ya Chuo Kikuu cha Yale, aliyoifundisha Profesa Diana Kleiner. Mihadhara yake iko wazi kwa yeyote, bure. Mwanzoni nilijiuliza Roma inanihusu nini mimi wa Kilwa. Lakini yule mama anakaa sana kwenye kuta. Anakuonyesha ukuta wa mawe yaliyopangwa ovyo, kisha wa mawe yaliyochongwa yakapangwa kama nyavu, kisha wa matofali, na zege lililoko ndani ya zote. Ukifika kwenye kuba la Pantheon, lenye upana wa zaidi ya mita 43, umeshaelewa limewezekanaje.

Jumamosi iliyofuata nilivuka na futi ya utepe mfukoni. Niliingia Msikiti Mkuu, nilikopita mara nyingi na wanafunzi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni majengo mawili: sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, na ile ya kusini yenye makuba iliongezwa karne ya 14. Nikaenda kwenye nyumba za kale nikapima vyumba. Virefu, lakini upana haufiki mita tatu. Chumba baada ya chumba. Nikakumbuka marehemu babu alivyokuwa akiezeka: boriti ya mkoko ina urefu wake, ukizidisha inapinda. Basi ni mkoko uliowaamulia matajiri wa Kilwa upana wa vyumba vyao! Nilikaa pale kwenye kizingiti muda mrefu.

Sasa Kidato cha Pili wangu wanakwenda na futi, si na daftari la kunakili tu. Naomba wengine mliosoma kwa njia hii mseme: mlisoma nini, kiliwagharimu nini, na je, mlipata nafasi ya kugusa udongo wenyewe?

Karani wa Kilindini

Mwalimu, shukrani kwa kuanzisha. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni klearingi, makaratasi ya mizigo kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Southampton kilitoa kozi ya Portus kupitia FutureLearn, tovuti ya kozi za mtandaoni. Portus ilikuwa bandari ya Roma, karibu na mlango wa mto Tiber. Kaisari Claudius alianza kuijenga mwaka 42 baada ya Kristo, halafu Kaisari Trajan akachimba bwawa la ndani la kuegeshea meli, lenye pembe sita, kila ubavu zaidi ya mita 350. Nilijiandikisha kwa sababu ya neno bandari tu, sina digrii yoyote.

Kozi hiyo ilinifungulia mlango wa kusoma zaidi, ndipo nikafika Monte Testaccio. Hiki ni kilima kilichoko Roma, kimo chake kama mita 35, na chote ni vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi ya kutoka Hispania. Juu ya mitungi waliandika kwa wino: uzito wa mtungi mtupu, uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara, mwaka. Nilipoisoma orodha ile niligutuka. Hiyo ni kazi yangu! Uzito mtupu, uzito wa mzigo, mwenye mali, tarehe. Kuna karani mwenzangu aliyesimama gatini karibu miaka 2,000 iliyopita, akihesabu vile vile ninavyohesabu mimi.

Baada ya hapo niliirudia Fort Jesus. Tangu utoto najua kwamba meli ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama pale mbele 1697 Waomani walipoizingira ngome, na kwamba wapiga mbizi waliichimba miaka ya 1970. Ila vyombo vilivyotolewa kwenye ile meli nilikuwa navipita tu. Sasa navisoma kama hati ya mizigo: hiki kimepakiwa wapi, kilikuwa kinakwenda kwa nani.

Gharama: bando na usingizi. Cheti sikununua, sikukihitaji.

Mama Wawili

Mimi uzoefu wangu unauma, lakini nauweka hapa umfae mwingine. Nililipa ada ya diploma ya historia na urithi katika chuo kimoja cha mtandaoni cha nje. Pesa hiyo ilikuwa akiba ya mchezo wa miezi kumi na mmoja. Masomo yenyewe hayakuwa mabaya, niliandika kazi zote, nikapata cheti kizuri chenye muhuri. Nilipokipeleka kazini nikaambiwa hakitambuliki, kwa sababu chuo chenyewe hakina ithibati hata nchini kwake.

Ndugu zangu, kama mnataka cheti cha kupandia daraja, ulizeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwanza kama chuo kinatambulika, kabla ya kulipa hata shilingi. Mimi niliuliza mwisho. Kama mnataka elimu yenyewe, zile za bure za vyuo vikubwa zinatosha kuanzia.

Mjukuu wa Malindi, Maskati

Assalaam aleikum jamani. Mie ni mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa kumi na mbili huu, naendesha gari la kampuni. Kozi yangu ilikuwa ya Harvard, ya piramidi za Giza, ya Profesa Peter Der Manuelian. Usiku watoto wakishalala ndo nafungua.

Nataka niseme jambo moja lililonigusa sana. Yule Mmarekani George Reisner alichimba Giza miaka mingi mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake liko kila pahala. Lakini kazi ya kila siku waliisimamia mafundi wa Kimisri kutoka mji wa Quft, na wao wenyewe waliandika shajara kwa Kiarabu. Hizo shajara zilikuja kupatikana baadaye sana, zimehifadhiwa kwenye familia. Nilizitafuta kwenye tovuti ya mradi wa Giza. Nasoma Kiarabu, alhamdulillahi, nikaketi kuziangalia kurasa kwa hati ya mkono: leo tumesafisha kisima fulani, tumekuta kadhaa wa kadhaa. Fundi anaandika siku yake.

Nikajiuliza, na kwetu jee? Taya la binadamu wa kale la Peninj, kule Ziwa Natron, aliliona Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1964. Mifupa ya kale ya yule mvulana wa Turkana, mwaka 1984, aliyeiona ni yeye tena. Wangapi wanalijua jina lake? Mwalimu, nakuomba hao Kidato cha Pili uwaandikishe jina hilo.

Ijumaa moja niliichukua familia kwenda Bat, karibu na Ibri, kwenye makaburi ya mawe ya zaidi ya miaka 4,000, yameumbika kama mizinga ya nyuki. Mke wangu hakutaka kuingia, aliona si adabu. Tukasimama nje tukaomba dua, tukayatazama kutoka hapo. Nami nimeona alikuwa na haki.

Binti Shamba

Shikamooni. Nasoma kwa simu tu, kozi za bure, na bando likikata nasoma maandishi ya mhadhara badala ya video. Nina swali. Shambani kwetu Pangani, jembe linatoa vigae vya vyungu kila tukilima upande wa mfereji. Vingine vimechorwa pembetatu zimejaa mistari, chini ya shingo ya chungu. Nimeshaangalia video za namna ya kuchimba. Nataka nichimbe kidogo mwenyewe na kaka yangu. Nianzie wapi?

Mwiko na Brashi

Marahaba mdogo wangu. Usichimbe. Nakuomba sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni, ila hata sheria isingekuwepo ningekuomba hivyo hivyo. Ngoja nikusimulie.

Ninasoma shahada ya akiolojia kwa masafa, chuo cha Uingereza, mwaka wa nne sasa. Nadharia nilikuwa naijua vizuri. Kaboni 14, ile ya kupimia umri wa mabaki, hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Mchoro wa mpangilio wa matabaka ya udongo aliobuni Edward Harris mwaka 1973 niliweza kuuchora nimefumba macho. Chuo kinataka wiki kadhaa za uwandani, nikaomba, nikapokelewa kwenye uchimbaji mmoja huku pwani.

Siku ya nne niko kwenye shimo la mita mbili kwa mbili, naondoa udongo wa kahawia. Mwiko ukaanza kukwaruza. Nikadhani nimekuta kijiwe, nikabonyeza. Ikatoka chembe nyeupe, nikaendelea. Nilipopiga brashi nikaona: sakafu ya chokaa, nene kama kidole, na mimi nimeitoboa tundu la ukubwa wa kiganja. Chini yake udongo mwekundu, tofauti kabisa, na tayari wa juu ulikuwa umemwagikia humo. Kwenye chekeche kikabaki kishanga cha kioo, chekundu, kidogo kama mbegu ya ulezi. Kilikuwa juu ya sakafu au chini yake? Kama ni chini, kilikuwepo kabla nyumba haijasakafiwa. Kama ni juu, kimedondoshwa na aliyeishi humo. Hakuna atakayejua tena. Kwenye fomu iliandikwa "tabaka limechanganyika", kwa mwandiko wangu.

Mzee mmoja wa kijiji pale, amechimba na wataalamu tangu ujana wake, hakunigombeza. Alichukua mwiko akakwaruza pembeni, akasema, "Sikiliza, mwanangu. Udongo mtupu unanyamaza. Ukisikia sauti, simama." Hilo sikulikuta kwenye mhadhara wowote.

Sasa vigae vyako. Maelezo yako yananikumbusha vyungu ambavyo Profesa Felix Chami aliviita vya pembetatu za kuchanja, vinavyopatikana pwani yote, karne ya 6 hadi ya 10 hivi. Kwa maneno matupu siwezi kuthibitisha, lakini kama ndivyo, shamba lenu lina kitu cha thamani kubwa. Acheni kulima kipande hicho. Vilivyokwisha kutoka vipige picha pamoja na rula, andika umeviokota upande gani, kisha mwone afisa utamaduni wa wilaya akufikishe Idara ya Mambo ya Kale. Na kama unataka kusoma zaidi, jisajili JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, unasoma makala hadi 100 kwa mwezi bila malipo. Jarida la Azania linatoka tangu 1966, limejaa habari za pwani yetu.

Mwalimu wa Masoko

Mjukuu wa Malindi, jina la Kamoya Kimeu limeandikwa ubaoni leo asubuhi. Mwiko, hadithi ya sakafu nimewasomea darasa zima. Mmoja kauliza yule mzee analipwa kiasi gani, na jina lake limeandikwa kwenye ripoti? Nisaidie nimjibu.

Mwiko na Brashi

Jina lipo, mwalimu, kwenye shukrani. Anastahili kuwa miongoni mwa waandishi. Mwambie mwanafunzi wako swali hilo nimelichukua, nitalipeleka kwa msimamizi wangu.

Binti Shamba

Nimewaelewa, dada. Tumeweka vijiti na kamba kuzunguka kile kipande, baba kakubali mahindi yapandwe upande wa juu. Vigae 31 nimevipiga picha na rula ya shule ya mdogo wangu, kila kimoja kwenye mfuko wake na karatasi. Jumatatu nakwenda wilayani.